Mwethya wa Wesley Musembi

Nikikaa mlangoni kwangu asubuhi nikichambua mahindi, naliona boma lote la Wesley Musembi. Bonde tu ndilo linalotutenganisha, na chini yake kuna kijito kinachokumbuka kwamba ni kijito siku za mvua peke yake. Naiona nyumba yake ya mawe yenye mabati mekundu, tangi lake la maji, na kaburi la Nzembi, mkewe, lililo chini kidogo ya nyumba mahali mteremko unapoanza. Na siku hizi namwona Wesley mwenyewe, jambo ambalo miaka yote halikuwa la kawaida. Anatoka, anasimama, anatazama barabara, anarudi ndani. Hana wa kusema naye ila jogoo.

Msinifanye mbeya. Nzembi alikuwa rafiki yangu kuliko dada zangu wa tumbo moja, na mume wa rafiki yako ni kama jino lako: hata likikuuma, huwezi kusema si lako.

Wesley na mume wangu Ndolo waliondoka hapa Muthetheni asubuhi moja, vijana, kila mmoja na shati lake la kubadilisha, wakaenda Lukenya kutafuta kazi kwenye kampuni moja iliyochimba mawe ya kujengea. Walifika langoni pamoja. Msimamizi akatoka akauliza nani anajua Kiingereza. Wesley alikuwa amemaliza kidato cha nne, siku ambazo ukimaliza kidato cha nne hapa kwetu mama yako anaanza kuketi viti vya mbele kanisani. Aliinua mkono. Ndolo alikuwa ameachia darasa la tano, kwa hiyo mikono yake ilibaki chini. Wesley akapelekwa stoo, akapewa kalamu. Ndolo akapelekwa shimoni, akapewa nyundo na tindo. Mkono ule aliouinua Wesley ulimlisha maisha yake yote.

Ndolo akirudi nyumbani mwisho wa mwezi alikuwa ananieleza mambo ya kule mpaka nikayajua kama niliishi huko. Juu kabisa walikuwa Wazungu waliokuja mara moja moja kutengeneza mashine za kukatia mawe. Hao mshahara wao haukujulikana, maana ulilipwa kwa pesa za kwao. Chini yao walikuwa Wahindi wa ofisini, ndugu na wakwe wa mwenye kampuni. Kisha Waafrika wenye vyeti, kina Wesley, wa stoo na wa mizani. Halafu shimo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba iwe hivyo, na mwenye kampuni hakuwa mtu mbaya, aliwazika wafanyakazi wake na kuwalilia. Lakini hata chai ilijua ngazi. Ofisini ilikwenda kwa sinia, stoo ilikwenda na maziwa, shimoni ilikuja ya rangi ndani ya ndoo. Ndolo alikuwa akisema vumbi la mawe humfanya kila mtu mweupe ikifika saa kumi jioni, ila siku ya mshahara kila mtu hurudia rangi yake.

Alikuwa anasema hivyo akicheka. Baadaye lile vumbi lilimkaa kifuani, akaacha kucheka, na mwishowe akaacha kupumua.

Sasa nieleze mwethya, maana bila huo hamtamwelewa Wesley. Hapa kwetu mashamba yako miteremkoni, na bila matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, udongo wote huishia kwa watu wengine huko chini. Mtu mmoja hawezi kuyachimba matuta hayo peke yake. Kwa hiyo tunachimba kwa zamu: leo kwangu, wiki ijayo kwako, majembe ishirini yakipanda na kushuka, na mwenye shamba anapika. Huo ndio mwethya. Hakuna anayelipwa. Siku ukiwa mgonjwa au umesafiri, unatuma kitu kidogo cha soda ili watu wajue hukuwadharau. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye malaria.

Wesley aliifanya kuwa maisha. Zamu baada ya zamu, mwaka baada ya mwaka, alituma. Zamani ilikuja kwa bahasha mkononi mwa Nzembi, siku hizi inakuja kwa simu, na ujumbe wake ni ule ule: "Nimebanwa na kazi. Pokeeni hiki kidogo cha soda." Na kwa kweli hakikuwa kidogo. Tulikunywa soda, tukala mkate, tukapaka siagi. Akiwa likizoni akapita kutusalimia tulimwekea kiti cha plastiki kivulini, kile chenye mikono, akaketi na kalamu yake mfukoni akitutazama tukichimba. Tulimwita Mkubwa. Tulimpigia makofi. Tusiwe wanafiki sasa, makofi yale tuliyapiga sisi wenyewe.

Nzembi ndiye aliyekuwa anachimba. Jembe lake lilikuwa na mpini uliofungwa raba ya tairi, na lilifanya kazi ya watu wawili. Akiwa hai, hakuna aliyegundua kwamba Wesley hayupo.

Kisha Nzembi akaugua, akapelekwa hospitali, akarudi ndani ya jeneza. Wesley alikuja na kila kitu kutoka mjini: mahema, viti, vipaza sauti, maua ya plastiki. Alikuwa amepanga mazishi kama mtu anayepanga stoo. Alfajiri ya siku ya kuzika, wanaume wetu walivuka bonde na majembe yao, Festus mbele. Festus ndiye fundi seremala wetu, na ndiye anayeongoza uchimbaji wa makaburi ya upande huu, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Walipofika walikuta shimo limekwisha chimbwa. Vijana fulani kutoka sokoni, ambao hata jina la Nzembi hawakulijua, walikuwa wamekaa juu ya udongo wake wakila mkate. Wesley alikuwa amewalipa.

Alitoka ndani na suti yake nyeusi, macho yamevimba, akamshika Festus mkono. "Sikutaka kuwasumbua," akasema. "Watu wangu mmechoka na kazi."

Festus aliliangalia shimo, akaangalia jembe lake. "Sawa, Wesley," akasema, akaliweka jembe begani.

Hayo tu. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyesusa chakula. Lakini kwetu jirani ndiye anayemchimbia jirani kaburi, na kazi hiyo haina bei. Ndolo alichimbiwa hivyo, na udongo wake ulirudishwa na mikono niliyoijua mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia Wesley kwa sababu mambo mengine huwezi kumwambia mtu mzima, kama vile huwezi kumwambia avae nguo. Mimi niliumia. Nilitaka Nzembi wangu achimbiwe na watu aliowachimbia.

Baada ya mazishi Wesley alirudi Lukenya, na akaendelea kutuma. Pesa ikija bila jembe la Nzembi mbele yake, ilikuwa inakuja uchi. Tulinunua soda, tukanywa bila maneno mengi.

Kazi yake iliisha mwaka huu. Kampuni ilileta msichana mwenye diploma na kompyuta ndogo ya kubeba kwapani. Wesley alimwonyesha stoo yote, rafu kwa rafu, na msichana alikuwa na heshima, akimwita Mzee. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mwisho wa Wesley. Jambo hilo aliniambia mwenyewe, siku moja sokoni, wala hakulisema kwa uchungu. Alilisema kwa mshangao, kama mtu aliyepanda ngazi miaka yote kisha akaambiwa nyumba ilikuwa upande ule mwingine. Kidato cha nne kilichomtoa shimoni kilikuwa kimezeeka pamoja naye. Wakampa saa ya ukutani na blanketi, wakapiga picha.

Akaja nyumbani. Kila asubuhi anavaa shati la ofisini na kulichomeka, anaweka kalamu mfukoni, anakaa barazani. Wakati mwingine anashuka sokoni kunywa chai ya maziwa. Watu wanamwamkia, "Shikamoo Mkubwa," wanampangusia kiti, kisha wanahamia meza nyingine wapige porojo zao kwa uhuru. Nilimwona akicheka peke yake kwa mzaha wa meza ya jirani. Niliangalia pembeni.

Ana mtoto mmoja, Mwongeli, anayefanya kazi ya ofisi Nairobi na kuishi Syokimau. Mtoto mzuri. Hampi baba yake shida yoyote. Kila Jumapili anapiga simu, na kila mwisho wa mwezi anatuma. Ana kazi nyingi.

Mvua ya Aprili ndiyo iliyoleta mambo. Matuta ya juu ya boma la Wesley hayakuwa yameguswa tangu Nzembi afe, na mfereji wa kukinga maji ulikuwa umejaa mchanga. Maji yakapasua tuta la kwanza, yakapasua la pili, yakachimba korongo. Kiangazi kizima korongo lile lilikaa pale limefungua mdomo, na mdomo wake ulielekea kwenye kaburi la Nzembi. Kaburi lenyewe ni udongo, mawe pembeni na msalaba wa mbao. Wesley alikuwa amesema atalisakafia akistaafu. Hata mtoto angeona kwamba mvua ya Novemba ikija kabla ya mfereji kufukuliwa na tuta kushikwa, kaburi litakwenda kijitoni.

Tulikutana sokoni katikati ya Oktoba. Nilikuwa nimebeba muthokoi wangu wa kuuza, mahindi yaliyokobolewa. Akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama Mumo, umeona hiyo korongo?"

"Naiona kila siku."

"Mwongeli ameniambia, Daddy, nitakutumia pesa, tafuta watu wa kibarua." Kisha akasema, "Mimi sitaki vibarua. Nataka watu."

Nakumbuka jua lilivyokuwa limempiga usoni, na kwamba kola ya shati lake ilikuwa imeisha. Moyo uliniuma. Nikamwambia amwone Mwikali, mwenyekiti wetu, aombe mwethya kama mtu yeyote. Akaenda. Mwikali akatangaza baada ya ibada: Alhamisi, kwa Wesley.

Alhamisi hiyo niliamka nikaona moshi kwake mapema. Alikuwa ameazima mabenchi ya kanisa na kuyapanga chini ya mti wa mkaratusi. Alikuwa amechinja majogoo, akabakiza yule mmoja ninayewaambia. Nilimwona akikoroga sufuria kubwa kwa mikono miwili, akirukaruka kuukwepa moshi kama msichana aliyeolewa jana. Alikuwa ametoa jembe la Nzembi na kuliegemeza ukutani. Na kiti cha plastiki hakikuwepo. Nilitafuta kwa macho kila mahali, sikukiona. Alikuwa amekificha.

Jua likapanda. Hakuna mtu aliyeteremka bondeni.

Wala mimi. Jana yake jioni tulikuwa tumekutana kwenye bomba la maji, wanawake wote, na Mwikali akasema lile lililokuwa mioyoni mwetu: "Tukienda, yeye atatulipa. Atatupanga laini hapo karibu na kaburi atupatie mia mbili mbili. Mimi siwezi shika hiyo pesa." Hakuna aliyebisha. Ikakubaliwa kwamba kila mtu atume kitu cha soda, ndivyo yeye amezoea, hatakasirika. Nami nilituma hamsini. Nilikuwa nimekaa hapa hapa mlangoni, simu mkononi, nikimwona upande wa pili.

Kila pesa ilipoingia nilimwona akitoa simu mfukoni, akiangalia, akiirudisha. Anakoroga sufuria, anatoa simu. Anasogeza benchi, anatoa simu. Mwikali alipotuma mchango wake kwa niaba ya kikundi, aliandika: "Tumebanwa na kazi. Pokea hiki kidogo cha soda." Nilimuuliza baadaye kama alikusudia kumkejeli. Alishangaa. Alisema hayo ndiyo maneno ya kutumia pesa, yapo mengine?

Adhuhuri Wesley alikaa kwenye benchi. Lile benchi lina urefu wa kuketi watu wanane. Hakuupakua muthokoi wala nyama. Hakufukuza kuku. Alikaa vile mpaka nikachoka kumtazama, nikajifunga leso, nikavuka bonde.

"Hodi, Baba Mwongeli."

"Karibu, Mama Mumo. Chakula iko." Alisimama upesi akaanza kutafuta sahani. "Iko mingi sana."

"Kaa kwanza."

Alikaa. Simu ikalia tena kifuani, hakuitoa.

"Niambie tu," akasema. "Hawa watu nimewakosea wapi? Mimi ni mtu nimesaidia kila mtu. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Sasa?"

"Kaburi ya Nzembi ilichimbwa na nani?"

"Wale vijana wa soko. Na niliwalipa vizuri."

"Festus alikuwa amekuja na jembe."

"Sikutaka kumchosha."

"Hakuwa amechoka."

Akageuka akalitazama kaburi, na nikaona maneno yakimshuka taratibu mpaka yakafika chini.

"Kwa hivyo ni hiyo."

"Hakuna mtu ako na kisirani na wewe. Watu wameogopa. Wakuje wachimbe hapa mbele ya Nzembi, halafu uwalipe? Wakaona heri watume."

"Singewalipa!"

"Wesley." Sijawahi kumwita jina lake mbele yake kabla ya siku hiyo.

Jogoo akapita chini ya benchi akidonoa. "Pengine ningewalipa," Wesley akasema kwa sauti ndogo. "Mimi sijui kusema asante vingine."

Na akalia. Nami nililia, simfichi mtu, kwa sababu ya yule aliyekuwa pale chini na jembe lake likiwa ukutani. Halafu nikampakulia, nikajipakulia, tukala. Chumvi ilikuwa imezidi.

Nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aje achimbe kwa wengine kwanza, jembe kwa jembe, na zamu yake itakuja. Wiki iliyofuata ilikuwa kwa Festus. Alikuja na jembe la Nzembi begani na kalamu mfukoni. Mke wa Festus, mwanamke mwenye adabu, akatoa kiti cha plastiki mbio mbio akakiweka kivulini.

"Leo sikai," Wesley akasema.

Alichimba vibaya. Alikuwa anainua jembe juu sana na kulishusha kwa woga, udongo ukimrukia machoni. Vijana wakaanza: "Mkubwa, hiyo si kalamu! Shika chini!" Akacheka kwa sauti, na walipocheka naye alipitiliza, akaendelea kucheka wakati wengine wamekwisha nyamaza. Kabla ya saa sita malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani. Wakati wa chakula mke wa Festus alimletea sahani ya udongo yenye maua, sisi wengine tukila kwenye za plastiki, na nikamwona akiiangalia ile sahani muda mrefu kabla ya kula.

Jioni tulipokuwa tunaagana aliingiza mkono mfukoni mwa suruali. Nilimkazia macho. Mkono ukakaa huko ndani kidogo, kisha ukatoka na leso, akajifuta jasho. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Nilidhani yamekwisha.

Lakini zamu ni zamu. Waliotangulia walikuwa wamechimba mwaka mzima, na Mwikali hangeweza kuwaruka mara ya pili kwa sababu ya mtu aliyeanza jana. Zamu ya Wesley iliwekwa mwisho kabisa wa Novemba. Alikubali. Akawa anachimba kwa watu mchana, na jioni namwona peke yake juu ya korongo lake, akifukua ule mfereji kidogo kidogo mpaka giza linamfunika.

Mvua haikungoja zamu. Siku moja alfajiri niliisikia ikianza juu ya bati, ile ya matone makubwa isiyokuja kutania. Sikuwaza. Nilijifunika gunia kichwani, nikachukua jembe, nikavuka kijito kabla hakijajaa. Wesley alikuwa tayari mferejini, magoti ndani ya tope, shati la ofisini limemganda mgongoni. Hakushangaa kuniona. Nami sikusalimu. Niliingia upande wa chini, nikaanza kukata.

Maji yalikuwa yanakuja mekundu kutoka juu, yakitafuta lile korongo yalilolizoea. Yeye alikuwa anafukua, mimi nalundika udongo kwenye mdomo wa korongo na kuukanyaga. Alipochoka nilichimba kwake, nilipochoka alikanyaga kwangu. Jembe la Nzembi lilikuwa linapanda na kushuka kando yangu kama siku zote, na ule mpini wa raba, na kwa muda nilisahau ni nani aliyelishika. Nawaambia kweli, tangu Nzembi afe sijawahi kuwa na furaha kama asubuhi ile, nikiwa na miaka yangu hii, nimelowa mpaka mifupa.

Kisha maji yakageuka. Yalisita, yakajikusanya, yakaingia mferejini na kwenda pembeni, mbali na kaburi. Tulisimama tukiyatazama. Msalaba wa Nzembi ulikuwa umelowa, umesimama.

Wesley aligeuka kwangu. Uso wake wote ulikuwa tope isipokuwa macho. Alinishika bega.

"Mama Mumo. Mungu akubariki. Sasa rudi nyumbani ujikaushe, usishikwe na homa. Nitakutumia kitu kidogo..."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Niliona jinsi alivyoyasikia, mdomo wake ukabaki wazi na mvua ikaingia ndani.

"Si hivyo," akasema. "Mama Mumo, si hivyo nilitaka kusema."

Najua hakutaka. Najua vizuri kuliko mtu yeyote. Mdomo wa binadamu hufuata njia uliyoizoea, kama yale maji. Lakini nilimfikiria Ndolo na chai yake ya ndoo, nikaifikiria ile hamsini niliyomtumia mimi mwenyewe, na nikachoka ghafla, uchovu wa miaka yote kwa pamoja. Niligonga jembe kwenye jiwe, tope likatoka. Nikaliweka begani.

"Sawa, Wesley," nikasema.

Aliniita mara moja nilipokuwa navuka kijito. Sikugeuka.

Nilipofika mlangoni kwangu niliangalia. Alikuwa bado anachimba, ingawa maji yalikuwa yamekwisha geuzwa na hakuna kilichobaki cha kuchimba. Alichimba mpaka mvua ikakatika.

Siku hiyo nilikaa na simu mapajani nikingoja ilie. Nilikuwa nimeyaandaa maneno makali ya kumrudishia pamoja na pesa yake. Haikulia. Kesho yake haikulia, wala wiki ile. Hapo ndipo nilipojua kwamba amenielewa, na hapo ndipo moyo uliponivunjika, maana maisha yake yote Wesley alijua njia moja tu ya kuvuka bonde hili. Sasa ameiacha, na nyingine hajaijua.

Zamu yake itafika. Watu watakwenda, nadhani, Festus alikuwa anaulizia. Asubuhi namwona akitoka barazani, shati limechomekwa, anasimama akitazama upande huu. Nami nachambua mahindi yangu nikimtazama. Kijito kimejaa, lakini kinavukika.